Jawabu la Koo na Haki ya Mgonjwa

Alikuja katika darasa letu ndugu mmoja, mtu mwenye akili na adabu, na moyo wake umejaa uchungu. Mama yake alikuwa ameshikwa na kiharusi. Upande wake wa kulia umelegea na ulimi wake umefunga. Akapelekwa hospitali. Asubuhi ya pili akaja tabibu kijana, akamfunua mgonjwa kinywa, akamwangazia taa, akaingiza kijiti chenye pamba hata nyuma ya koo. Yule mama akashtuka, akakokomoka, machozi yakamtoka. Tabibu akaandika maneno mawili katika karatasi akaenda zake, asimwambie neno mgonjwa wala mwanawe. Baadaye akaja muuguzi akatundika karatasi kitandani, ya kwamba mgonjwa huyu asipewe kitu kwa kinywa.

Ndugu huyu akatuuliza mambo matatu. La kwanza: Je, si dhuluma kumchokoa koo mtu mzima asiyeweza kusema sitaki? La pili: Je, ni halali kumnyima maji mgonjwa mwenye kiu? La tatu: Koo lile lililoshtuka lasema nini? Je, ni dalili kwamba mama yumo ndani, asikia na kufahamu, ila amefungwa ulimi tu?

Hatukumjibu siku ile. Kusema katika tiba bila ya ilimu ni makosa, kama kusema katika dini bila ya ilimu. Tukawauliza wajuzi, tukasoma, tukazingatia. Na haya ndiyo tuliyoyapata. Twayaandika hapa kwa kuwa jambo hili si la nyumba moja. Hakuna mtaa katika miji yetu usiokuwa na mtu aliyelazwa na kiharusi, na hakuna katika sisi anayejua nani atalala kitanda hicho kesho.

Kwanza yafaa tufahamu tabibu anatafuta nini kooni. Katika ubongo wa mwanadamu hutoka jozi 12 za mishipa ya fahamu. Jozi ya 9 ndiyo ipelekayo khabari ya kuguswa kwa nyuma ya koo, na jozi ya 10 ndiyo ipelekayo amri kwa nyama za koo na kaakaa zipate kujikaza na kuinuka. Khabari hupanda kwa ile na amri hushuka kwa hii, na mahali zikutanapo ni sehemu ya chini ya shina la ubongo, pale ubongo unaposhuka kuungana na uti wa mgongo. Ni mahali padogo, urefu wake kiasi cha sentimita 3 tu, lakini ndipo penye kusimamia pumzi ya mtu.

Basi tabibu hugusa upande wa kulia wa koo, kisha wa kushoto. Hutazama kama kaakaa lainuka pande zote mbili sawasawa. Ikiwa upande mmoja umedhoofika, ule mzima huinuka peke yake, na kimio huvutwa upande wake. Kwa kijiti kile chenye pamba amepata khabari ya mahali asipoweza kupafikia kwa jicho wala kwa mkono. Huo si mchezo, wala si ukatili. Ni kubisha hodi katika nyumba ambayo mwenyewe hawezi kuitika.

Sasa tuje katika swali la kwanza. Wako watu wasemao: mgonjwa alipokokomoka alikuwa akikataa, na tabibu akamlazimisha. Twaona kauli hii haisimami. Tangu mwaka 1833 tabibu Mwingereza, Marshall Hall, alieleza kwamba mwili una matendo yapitayo katika uti wa mgongo na shina la ubongo bila ya kungojea amri ya mwenye mwili. Jicho hufumba lipatapo vumbi. Mkono hurudi uguspo moto kabla mtu hajafikiri. Na koo hushtuka likiguswa nyuma. Matendo kama haya hayana nia. Na tendo lisilo nia si ndiyo wala si siyo. Mama yule hakuridhia kwa koo lake, wala hakukataa kwa koo lake.

Lakini hapa ndipo penye mzigo wa tabibu, wala haupungui kwa maneno hayo bali wazidi. Ikiwa koo haliwezi kutoa idhini, basi idhini yataka itafutwe pengine. Mtu aliyefungwa ulimi si lazima awe amefungwa masikio. Aweza kufumba jicho, aweza kubana mkono, aweza kutikisa kichwa. Na ikiwa hana hata hayo, ana mtoto, ana mume, ana ndugu aliyekaa kando ya kitanda. Kusema, "Mama, nitakugusa kooni, itakuudhi kidogo, nataka kujua kama waweza kumeza," huchukua muda gani? Hakuna haraka ya kazi imzuiayo mtu kusema maneno haya.

Na yako mahali ambapo kugusa koo ni kosa hasa. Mtoto mwenye homa kali, atokwaye na udenda na kuvuta pumzi kwa sauti ya kukoroma, asitiwe kijiti kooni kwa pupa, maana koo lililovimba laweza kufunga njia ya pumzi pale pale. Mtu aliyezimia amelala chali na tumbo limejaa, akitapishwa matapishi yaweza kumwingia mapafuni. Na mgonjwa ambaye khabari ya koo lake imekwisha kujulikana, kisha wakaja wanafunzi kumi, kila mmoja na kijiti chake, huyo anaudhiwa bure. Kujifunza ni haja, nasi hatuipingi, kwani tabibu asiyejifunza atamwua mwingine kesho. Lakini mgonjwa si ubao wa kuandikia na kufuta. Aombwe, na kiasi kijulikane.

Basi jawabu letu ni hili: udhia mdogo hustahamiliwa ili kuepusha madhara makubwa, ikiwa ipo haja, na ikiwa imefanywa kwa adabu. Ikikosekana haja, ni dhuluma. Ikikosekana adabu, kazi imefanywa, lakini haki ya mgonjwa imeachwa nyuma. Kosa la tabibu yule kijana halikuwa katika kijiti chake. Kosa lake lilikuwa katika kunyamaza kwake, na tutaona hivi karibuni kunyamaza kule kulizaa nini.

Swali la pili ni la maji. Mwenyezi Mungu ameijaalia njia ya pumzi na njia ya chakula zikutane kooni, kisha zitengane. Kila tumezapo, mlango wa pumzi hufungwa kwa nukta moja, chakula hupita, kisha hufunguliwa. Ukikosea kidogo wapaliwa, na kikohozi huja mbio kama bawabu aliyesikia mwizi. Katika kiharusi bawabu huyu mara nyingi hulala. Maji na uji hushuka mapafuni badala ya tumboni, na baada ya siku moja au mbili huja homa ya mapafu, ambayo ni miongoni mwa mambo yanayowaua sana wagonjwa wa kiharusi. Basi karatasi ile iliyotundikwa kitandani haikuwa ya kumtesa mama kwa kiu. Ilikuwa ni ulinzi. Na aliyekatazwa kinywa hakukatazwa maji. Hupewa kwa mshipa, au kwa mpira mwembamba upitao puani hata tumboni, mpaka koo lirudi katika kazi yake.

Hata hivyo yataka tuseme haki juu ya matabibu pia. Kwa miaka mingi wengi wao walikuwa wakihukumu hivi: koo likishtuka, mgonjwa apewe chakula, lisiposhtuka, anyimwe. Mwaka 1995 likachapishwa katika jarida la Lancet, huko Uingereza, jambo lililowafanya wafikiri upya. Watu 140 wazima, vijana na wazee, waliguswa makoo, na zaidi ya thuluthi yao hawakushtuka. Nao walikuwa wakila na kunywa kama kawaida yao, hawana ugonjwa. Lakini walipoulizwa kama wamehisi kuguswa, karibu wote walihisi. Kwa upande wa pili, wako watu waliopatwa na kiharusi pande zote mbili za ubongo, ambao koo lao hushtuka kupita kiasi, na juu ya hivyo hawawezi kumeza tonge bila ya kupaliwa.

Basi anayeshtuka aweza kuwa katika khatari, na asiyeshtuka aweza kuwa salama. Kwa hiyo leo wajuzi husema kumeza kupimwe kwa kumeza. Mgonjwa awe macho, akalishwe kitako wima, apewe kijiko kimoja cha maji na mtu anayejua kazi hiyo, atazamwe kama anakohoa, kama sauti yake imebadilika na kuwa ya majimaji, kama pumzi imeharibika. Akifaulu, huongezwa kidogo kidogo. Wala hata hapo haifai kujiamini sana, kwani wako ambao maji huwaingia mapafuni na hawakohoi hata mara moja.

Katika jambo hili sisi twaona mafunzo ambayo kila aingiaye mahakama ya kadhi ayajua. Shahidi mmoja, hata akiwa mkweli, hakati kesi. Koo ni shahidi. Lina neno la kusema juu ya mishipa miwili na juu ya sehemu moja ya ubongo. Tukilitaka liseme zaidi ya lile lilijualo, si koo lililosema uwongo. Ni sisi tuliolihukumu vibaya. Na ujinga wa namna hii hauko kwa matabibu peke yao. Ni watoto wangapi katika nchi zetu hizi waliokatwa kimio kwa sababu ya kikohozi? Kikohozi chaweza kuwa cha mafua, cha pumu, au cha kifua kikuu. Lakini kwa kuwa kimio chaonekana kimening'inia kikadhaniwa kimerefuka, basi hushitakiwa na kukatwa kwa chuma kisichochemshwa, na mtoto akatoka damu, na kikohozi kikabaki pale pale. Huko ni kumwadhibu asiye na kosa kwa kuwa yeye ndiye aliyeonekana kwanza.

Tulipofika hapa katika mazungumzo yetu na yule ndugu, watu wengine walikuwa wamekwisha ondoka. Akainamisha kichwa, akatuambia jambo la nne ambalo hakuliuliza mbele ya watu. Alisema kwamba usiku wa pili, muuguzi alipokuwa mbali, alimwona mama yake akilamba midomo iliyokauka. Hakustahamili. Akamwinua kichwa kidogo, akamnywesha maji ya Zamzam kwa kikombe, mafunda mawili au matatu. Mama hakukohoa. Akafurahi moyoni, akasema: mwaona, waongo hawa, mama yangu aweza kunywa. Siku ya nne mama akashikwa na homa na pumzi ya haraka. Siku ya tisa akafariki. "Je," akatuuliza, "ni mimi niliyemuua?"

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jawabu jepesi, wala hatukutaka kumdanganya. Tulimwambia kwamba hakuna awezaye kukata kuwa maji yale ndiyo yaliyoleta homa ile. Mgonjwa wa kiharusi aweza kupaliwa hata na mate yake mwenyewe. Tulimwambia kwamba mtu atendaye kwa huruma na hali hajui, si sawa na mtu atendaye kwa kusudi, na Mola wake amjua alichokuwa nacho moyoni usiku ule. Lakini tulimwambia pia kwamba huruma bila ya ujuzi yaweza kudhuru kama chuki, na kwamba maji yenye baraka hayageuzi njia. Baraka haikuwekwa ili itufungulie kuacha akili. Iwe ni uji, iwe ni asali, iwe ni Zamzam, kooni pasipo bawabu vyote hupita mlango mmoja.

Tena tukamwambia kwamba hakuwa peke yake katika jambo hilo. Lau yule tabibu kijana angesema maneno machache tu, "Koo la mama halimezi salama, maji yaweza kumwingia mapafuni hata asipokohoa," mtoto huyu asingeinua kikombe. Karatasi iliyotundikwa ilitoa amri bila ya kueleza sababu. Na amri isiyo sababu, mbele ya mama mwenye kiu, ni mtoto gani ataitii? Tabibu alilitafuta jawabu la koo, akalipata, kisha akalificha katika daftari lake. Lakini khabari ile haikuwa mali yake. Ilikuwa amana ya mgonjwa, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Huenda msomaji atauliza: je, basi tumwache mgonjwa midomo imekauka? La, hasha. Kulowesha midomo ya mgonjwa na ya mwenye kukata roho ni katika huruma tuliyoirithi kwa wazee wetu, na wanavyuoni wameisifu. Ilowesheni kwa kitambaa au pamba iliyokamuliwa, kinywa kisafishwe, ulimi upanguswe. Hayo yanatosha kumwondolea mgonjwa ukavu, wala hayamwingii mapafuni. Kinachokatazwa ni kumimina.

Limebaki swali la tatu, nalo ndilo zito: koo lililoshtuka lasema nini juu ya mtu mwenyewe? Hapa twaomba msomaji atulie, maana watu wengi hupata matumaini yasiyo msingi, na wengine hukata tamaa isiyo msingi, kwa jambo moja hili.

Mwaka 1972 matabibu wawili, Jennett wa Scotland na Plum wa Marekani, waliandika juu ya hali ya mtu ambaye ubongo wake wa juu umeharibika vibaya lakini shina limesalia. Mtu huyu hulala na kuamka, hufumbua macho, hupumua mwenyewe, na koo lake laweza kushtuka likiguswa. Na juu ya hayo yote hakuonekani kwake dalili ya kujijua wala ya kumjua mtu. Na upande wa pili wako watu ambao maradhi yamewapooza mishipa ya koo, hawashtuki hata kidogo, na akili zao ni timamu kama zetu, wasikia kila neno na kuhuzunika kwa kila neno. Basi jawabu la koo ni khabari ya shina, si khabari ya akili. Asiyeshtuka msimseme kama maiti mbele ya masikio yake. Aliyeshtuka msijenge juu ya mshtuko wake nyumba ya matumaini.

Yako mahali pamoja ambapo koo huulizwa swali la mwisho. Ni pale mtu alipo katika mashine ya kupumulia, na matabibu wachelea kuwa ubongo wote umekwisha kufa. Tangu kamati ya chuo cha Harvard ilipoandika juu ya jambo hili mwaka 1968, na matabibu wa Uingereza mwaka 1976, pamewekwa masharti mengi. Sababu ya ugonjwa ijulikane. Mwili usiwe na dawa za usingizi wala baridi kali. Mboni za macho zitazamwe kwa mwanga, jicho liguswe, masikio yatiwe maji baridi, koo liguswe, kikohozi kitafutwe. Na mwisho mashine isimamishwe kwa utaratibu maalumu, ionekane kama mgonjwa atajaribu kuvuta pumzi mwenyewe. Likipatikana jawabu moja tu katika hayo, hata la koo peke yake, hukumu hiyo haitolewi.

Wanavyuoni wa Kiislamu nao wamelizingatia. Baraza la fikihi la nchi za Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 lilikubali kwamba ubongo ukikoma kazi zake zote kukoma kusikorudi, na matabibu wajuzi wakathibitisha, mtu huyo huhesabiwa amekufa. Baraza la fikihi la Makkah mwaka 1987 liliruhusu mashine kuondolewa katika hali hiyo, lakini likasema hukumu za mauti zisipite mpaka pumzi na moyo visimame. Wamekhitilafiana katika hili, na khitilafu yao ni ya watu wenye ilimu. Lakini tazameni walipokubaliana: hakuna katika wao aliyempa shahidi mmoja kazi ya kadhi. Wote wametaka dalili nyingi, wajuzi waaminifu, na subira.

Basi tukamwambia yule ndugu: koo la mama yako liliposhtuka lilisema kwamba shina la ubongo wake lingali likifanya kazi mahali pale. Halikusema zaidi. Kama alikusikia ulipomwita, hilo halikupimwa kwa kijiti. Na wewe ulifanya vyema kumwita, kwani masikio ya mgonjwa hayahukumiwi kwa koo lake.

Kwa hayo twamaliza kwa nasaha tatu. Enyi matabibu, na khasa vijana wetu waliokwenda kusoma wakarudi kututumikia: gusani pale penye haja, ombeni idhini hata kwa asiyejibu, na mkiisha kupata jawabu lifikisheni kwa wenyewe kwa lugha wanayoifahamu. Enyi jamaa wa wagonjwa: mkikatazwa jambo, ulizeni sababu wala msione haya, na msilivunje kwa siri usiku. Na sisi sote: tusihukumu mambo makubwa kwa alama moja, iwe ni katika mwili wa mgonjwa au katika mwenendo wa jirani.

Yule ndugu ametupa idhini tuyaandike haya, kwa sharti tusimtaje. Alisema kwamba kama nyumba moja itakirudisha kikombe mezani kwa sababu ya maneno haya, basi hiyo na iwe sadaka ya mama yake. Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mama huyo, na ampe mwanawe utulivu wa moyo. Wabillahi taufiki.